Mkono wa Kushoto Usijue

Tangu simu ya Jumatano alasiri, Bi Mahfoudha hakutulia. Alikuwa akikaa, ndiyo, maana magoti ya miaka sitini na ushei hayamsimamishi mtu kutwa nzima, lakini alikaa kama aliyekalia mwiba. Anatua, anainuka, anakwenda jikoni, anafungua friji asijue anatafuta nini, anarudi sebuleni, anaichukua simu, anaiweka. Unga wa vitumbua ulimuumukia kwenye bakuli mpaka ukamwagikia meza. Kwa mwanamke ambaye nyumba yake ya Azaiba, hapo Muscat, ilijulikana mtaa mzima kuwa kila kitu kiko mahali pake, hilo si jambo dogo.

Aliyepiga simu ni Reem, binti wa marehemu kaka yake, Saeed. Saeed alikuwa masomoni Amerika Reem alipozaliwa, na kwa kuzaliwa huko mtoto akapata uraia wa huko. Karatasi yake ikaja Muscat, ikawekwa kabatini pamoja na kadi za chanjo, na hakuna aliyeifikiria tena. Mama mtu akatangulia, Saeed akamfuata, na mtoto akahamia Azaiba akiwa na kijibegi kimoja na meno mawili ya mbele hayajaota. Bi Mahfoudha hakujaaliwa kuzaa. Aliolewa, akaachwa, akafanya kazi wizarani mpaka akastaafu, na katika yote hayo Mungu alimpa mtu mmoja wa kula naye mezani. Alimlea kwa Kiswahili cha Unguja ndani na Kiarabu nje, akampeleka chuo kikuu Al Khoudh, kisha akamwachia arudi kule alikozaliwa akasomee sheria. Reem aliaga akisema anakwenda na kurudi. Hakurudi. Ilipobidi achague pasi moja, alichagua ile ya kule, na Bi Mahfoudha alisema kheri, akaingia chooni, akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Sasa Reem alikuwa anagombea. Si urais, msiogope. Ni kiti katika baraza la mji, mji wa kadiri wenye mto na viwanda vilivyofungwa, ambao jina lake Bi Mahfoudha alichukua mwezi mzima kulitamka sawasawa. Kilichowashangaza jamaa si kiti bali alichokuwa akikigombania. Mji ule, kwa maneno ya Reem, ulikuwa umeshauzwa. Kampuni iliyopewa kazi ya maji ndiyo iliyowalipia wajumbe mabango yao na mikutano yao. Maji yakatoka na kutu, watu wakapiga kelele, wajumbe wakatazama pembeni, maana nani atamkemea aliyemweka kitini? Basi Reem akala kiapo mbele ya watu. Hatapokea zaidi ya dola mia kwa mtu yeyote, hatapokea hata senti ya kampuni, na kila anayempa jina lake litakuwa wazi, asome anayetaka. Akishinda, atapigania sheria mpya ya mji: mtu mdogo akimpa mgombea kidogo, mfuko wa mji umuongezee juu yake, ili pasiwe na haja ya mgombea kubisha hodi kwa matajiri.

"Sasa atashindaje?" aliuliza Marhoon, kaka mkubwa wa Bi Mahfoudha, siku moja wakila biriani ya Ijumaa nyumbani kwake Al Khoudh. "Mkono mtupu haulambwi. Huyu mtoto kasoma mpaka kapitiliza."

Wote wakacheka, na Bi Mahfoudha akacheka nao. Lakini wiki ile ile Reem alimtumia ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imechoka. Mpinzani wake amebandika uso wake kila kona ya mji. Yeye hana hata pesa ya kuchapisha vikaratasi. Huenda akajitoa.

Hapo ndipo Bi Mahfoudha alipofanya lake. Katika ukoo ule, mtoto akiwa na jambo, iwe harusi, iwe matibabu ya Bangkok, watu hawangoji kuombwa. Wanatoa. Na kutoa kwenyewe kuna adabu yake: noti inakunjwa ndogo, inapita kiganja kwa kiganja katika kupeana mikono, mtoaji anatazama kwengine, mpokeaji hahesabu. Kusema "mimi nilitoa" ni utovu wa malezi. Kurudisha ulichopewa ni zaidi ya hapo, ni kukata udugu. Mama yao aliwafunza wangali wadogo kwamba ukitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto usijue, na Bi Mahfoudha alilishika neno hilo maisha yake yote kama anavyoshika swala.

Kwa hiyo, aliposikia kwamba Reem hapokei zaidi ya mia na anataka majina, hakuona marufuku. Aliona mtihani wa adabu tu, na adabu aliijua. Aws, mtoto wa Marhoon, alikuwa anasoma chuo katika mji ule ule wa Reem. Bi Mahfoudha akatoa pesa alizokuwa akiziweka kwa safari ya Unguja, Marhoon akatoa mara tatu yake bila hata kushawishiwa, zikaenda kwa Aws. Aws akawagawia wanafunzi wenzake, Waamerika watupu, na kila mmoja akamchangia Reem dola mia kwa jina lake mwenyewe. Hakuna mkono ulioonekana. Bi Mahfoudha akalala usingizi wa mtu aliyetoa sadaka ya siri.

Msimcheke. Wako watu wenye suti na mawakili waliofanya hivyo hivyo kwa nia mbaya. Yeye alifanya kwa nia njema, ila njia waliyopita ni moja.

Kisha ikaja simu ya Jumatano.

"Umekula nini, Shangazi?" Ndivyo Reem anavyoanza siku zote. Kule kwao ndio kwanza asubuhi, na nyuma yake lilisikika birika likichemka.

"Wali na mchuzi wa nguru. Wewe je?"

"Bado. Skiza, nna habari. Siku ile nilokutumia sauti, nilikuwa nishaandika barua ya kujitoa. Wallahi vile. Siku ya tatu asubuhi, sijaipeleka bado, nafungua kompyuta, nakuta wachangiaji wapya, wanafunzi, simjui hata mmoja, kila mtu katia mia. Mia ya mwanafunzi, Shangazi! Wale wanakula mkate na siagi. Nikalia hapa hapa jikoni. Nikasema, kumbe wapo. Kumbe mtu asokujua anaweza kukuamini bila ya kutaka kitu kwako. Barua nikaichana."

Bi Mahfoudha aliinuka kwa furaha. Alitaka kusema ni sisi, mwanangu, ni sisi, lakini adabu ikamshika ulimi, akasema tu, "Alhamdulillahi."

"Ijumaa jioni kuna mdahalo. Yule bwana keshaanza kuwatia watu maneno, ati mimi pesa zangu za nje, jina langu la nje. Nami ntasimama nimwambie mbele ya mji mzima kwamba walonibeba mimi ni wanafunzi wa hapa hapa, watu wasonijua."

"Kwani za nje zina nini?"

"Sheria, Shangazi. Mtu asokuwa raia wala mkaazi wa kudumu haruhusiwi kutia hata senti. Hata wewe ukinitumia pesa ya chai kwa ajili ya kampeni, makosa. Na kupitisha pesa kwa jina la mtu mwengine ndio balaa kabisa, watu wanashtakiwa." Akacheka. "Nakujua wewe. Usije ukaniletea ule mkono wako wa kushoto!"

Bi Mahfoudha naye akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomtoa katika kukaa. Angekuwa amenyamaza, angeweza kujiambia kwamba alipigwa na butwaa. Lakini alicheka, tena akamwambia "Mungu akuvushe," akakata simu, akasimama katikati ya sebule yake safi akihisi amemwibia mtoto wake mwenyewe.

Jioni ile ile akampigia Aws. Kijana alipokea akiwa njiani, upepo unavuma kwenye simu.

"Shangazi, mimi nilidhani Reem anajua! Kwa sababu Baba kanambia, akishinda tu, nimkumbushe."

"Umkumbushe nini?"

Upepo ukavuma. "Bora umuulize Baba," alisema Aws.

Alkhamisi asubuhi Bi Mahfoudha akaenda Rusayl, kiwandani kwa kaka yake. Marhoon alikuwa anatengeneza mabomba ya maji, ya plastiki ngumu, meusi yenye mstari wa buluu, na yalikuwa yamelazwa uwanjani kwa mafungu marefu kupita nyumba. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na dirisha la kioo limeelekea mafungu yale. Marhoon alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alimwagizia dada yake karak, chai nzito ya maziwa, kabla hajaketi, na kabla hajainywa akamsogezea mezani kijisanduku cha mbao.

"Fungua. Ya Reem hii."

Ndani, juu ya kitambaa cha mahameli ya kijani, kililala kipande cha bomba, kimekatwa vizuri, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa.

"Hiki nini, Kaka?"

"Sampuli." Marhoon alitabasamu kwa fahari isiyo na hila hata kidogo. "Mji mzima wanabadilisha mabomba, Mahfoudha! Nimesoma kwenye ukurasa wake mwenyewe. Ya zamani yote yanatolewa, maana yana kutu. Hiyo ni kazi ya miaka. Akishakaa kwenye kiti chake, Aws atampelekea hiki, amkumbushe kwamba ami yake yupo."

"Wewe ulitoa kwa ajili ya mabomba?"

"Nilitoa kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu. Mabomba ni mabomba."

"Lakini Kaka, hayo ndiyo anayoyapigia kelele! Kampuni ilowalipia wajumbe ndiyo ilopewa kazi."

"Ile iliwauzia uchafu. Mimi ntawauzia bomba hili hapa, liguse, miaka khamsini halitoi kutu. Yeye anataka watu wake wanywe maji safi, mimi nna bomba safi. Iko wapi haramu hapo? Nambie."

Bi Mahfoudha aliligusa. Lililomkera zaidi ni kwamba mabomba ya Marhoon yalikuwa kweli mazuri, nyumba yake mwenyewe ya Azaiba ilikuwa nayo na hayajavuja hata siku moja. Na Marhoon alikuwa kweli anampenda Reem. Vitu vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja na havikugombana.

"Mimi ntamwambia," alisema mwisho.

Tabasamu la Marhoon likaondoka. "Utamwambia nini?"

"Kwamba wale wanafunzi ni sisi. Kesho atasimama mbele ya watu aseme maneno yasokuwa kweli."

"Asojua hasemi uwongo. Mwache alale." Akainamia meza, na sauti yake ikashuka. "Mahfoudha, Aws yuko kule kwa viza ya mwanafunzi. Mwaka wa mwisho huu. Ukifungua mdomo, yeye ndiye alogawa. Wakimrudisha, utanambia nini? Utamwambia nini mama yake?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akakisogeza mbali kikombe cha chai.

"Na kitu chengine," alisema Marhoon. "Akizirudisha pesa zangu, kanikata. Wewe unajua kwetu. Sitozipokea, na Reem asinijue tena. Asante ya punda ni mateke."

Bi Mahfoudha alishuka ngazi akasahau mkoba, akapanda tena kuuchukua, akashuka. Njiani alipaswa kukata kuelekea mjini. Alipozinduka aliona kibao cha Barka, akajua ameendesha upande sio, na ilimbidi aende mbali kabla hajapata pa kugeuzia. Gari zilimpita zikimpigia honi. Alikuwa anamlaani Marhoon kwa sauti, peke yake ndani ya gari. Mroho! Mfanya biashara hata msibani! Angemuuzia sanda maiti! Kikulacho ki nguoni mwako, watu hawakukosea. Alimlaani mpaka Azaiba, na alipozima gari mbele ya geti, kimya kilipoingia, likamjia swali moja ambalo halikumhusu Marhoon hata kidogo. Akashuka upesi asije akalijibu.

Mchana kutwa alipangua makabati. Alitoa sahani zote, akaziosha safi zilivyo, akazirudisha. Alijaribu kupika, akauacha mchele umeloweka. Mara aone aseme, mara aone anyamaze. Akinyamaza, Reem atashinda labda, Aws atamaliza masomo, Marhoon atabaki kaka, na hakuna atakayejua. Mkono wa kushoto hautajua. Mbona basi neno lililomtuliza miaka yote sasa lilikuwa linamchoma? Alijua mbona. Aliwahi kutoa kwa siri mara nyingi, kwa mayatima, kwa wagonjwa, na hakuna aliyesimama jukwaani kujenga maisha yake juu ya siri ile. Reem alikuwa amesimama juu yake. Alikuwa ameichana barua kwa ajili ya watu ambao hawapo.

Mficha uchi hazai, akajisemea. Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, kule ndio kwanza kunapambazuka, akampigia Aws kwanza, maana hakutaka kumchongea kijana kwa nyuma.

Aws alisikiliza mpaka mwisho. "Baba kanipigia mara nne nisikuruhusu," alisema.

"Na wewe wasemaje?"

Aws akashusha sauti. "Wale rafiki zangu waliniuliza, Shangazi. Mmoja aliniuliza hasa, hii halali? Nikamwambia kwetu sisi hii ndiyo adabu, kuficha jina. Akaniamini. Sasa jina lake ndilo limekaa pale." Akavuta pumzi. "Naogopa. Lakini mwambie."

Alasiri ikafika. Bi Mahfoudha alikaa kwenye ukingo wa kochi na simu mapajani, akasimama, akakaa, akapiga.

"Umekula nini, Shangazi?"

"Nimekula," alisema, na hakuwa amekula tangu jana. "Reem, nna neno. Usinikate mpaka nimalize."

Akasema. Alisema yote, kwa mpango, kama alivyokuwa akisoma taarifa wizarani zamani: pesa zilikotoka, zilivyopita, nani alizigawa. Alipomaliza, alisikia birika la Reem likichemka, likapiga kelele, na hakuna aliyelizima.

"Wote?" aliuliza Reem.

"Wale wanafunzi. Wote."

"Hata mmoja hakuwa wa kweli."

"Mwanangu, mapenzi yalikuwa ya kweli."

"Mimi nilibaki kwa ajili yao, Shangazi. Kila nikichoka nikigonga milango ya watu, nawafikiria wao." Birika likazimwa. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya mwanasheria. "Ami Marhoon alitaka nini?"

"Reem..."

"Alitaka nini?"

"Mabomba," alisema Bi Mahfoudha. "Anataka kuuza mabomba kwenye mji wako."

Reem alicheka kicheko kikavu, kifupi. "Na wewe?"

"Mimi? Mimi sikutaka kitu! Mimi nimekulea!"

"Kila anonipa kitu namuuliza, na wewe ntakuuliza. Ulitaka nini, Shangazi?"

Lilikuwa swali lile lile la kwenye gari, mbele ya geti. Bi Mahfoudha alitaka kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, mwanamke aliyemchana nywele mtoto huyu kila asubuhi kabla ya skuli. Lakini hasira haikuja, kikaja kitu chengine, na akakisema kabla hajakipamba.

"Nilitaka usinisahau. Nilikuwa nikisema, siku moja atashinda, atakuwa mtu mkubwa huko, na siku hiyo ntamwambia ilikuwa mimi. Basi hutoweza tena kunisahau. Utakuwa huna njia."

Machozi yalimtoka, na safari hii hakufungua bomba la maji.

Reem alingoja amalize kulia. "Ntazirudisha leo, zote, kabla ya mdahalo," alisema. "Ntampigia mwanasheria, na mdahaloni ntasema mwenyewe."

"Na Aws?"

"Sijui. Anojitokeza kabla hajashikwa huwa nafuu kwake. Siwezi kukuahidi."

"Na wewe? Watakupigia kura?"

"Hilo pia sijui. Sasa niwache, Shangazi. Nna kazi."

Simu ikakatika. Bi Mahfoudha alibaki ameishika sikioni. Haikuwahi kutokea hata siku moja Reem akate bila ya kusema "haya, ukalale mapema." Alisubiri kidogo, kama mjinga, kwamba labda atapiga tena aseme.

Jumamosi asubuhi, alipomaliza swala yake, mdahalo ulikuwa umekwisha kule na picha zake zimeshawekwa mtandaoni. Alitia miwani. Ukumbi wa shule, viti vya plastiki, bendera mbili. Mpinzani alikuwa bwana wa heshima mwenye tai nyekundu, na alizungumza vizuri, huo ndio ukweli. Kisha Reem akasimama. Alikuwa amekonda. Alivaa lile koti la kijivu alilonunuliwa na shangazi yake Muscat, miaka ile, likiwa kubwa kwake, na sasa linamkaa.

Reem akawaambia, bila kupita pembeni, kwamba amepokea pesa zisizo halali kutoka kwa jamaa zake walioko nje, zikipitishwa kwa majina ya wengine, kwamba leo asubuhi amejua, leo leo amezirudisha, na leo leo amewaarifu wahusika. Ukumbi ukavuma. Bwana wa tai nyekundu alitazama chini, na tabasamu lake halikufichika. Mtu mmoja wa safu ya mbele alikuwa na kibango chenye jina la Reem. Alikikunja, akakiweka chini ya kiti, akatoka. Bi Mahfoudha aliuma ncha ya mtandio wake.

Mwanamke mmoja mzee akanyanyua mkono, akasimama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki.

"Jamaa zako walitaka nini?"

Reem alishika meza kwa mikono miwili. "Mmoja alitaka kuuzia mji huu mabomba," alisema. "Ni mabomba mazuri, nimekulia kwenye nyumba yenye mabomba hayo. Mwengine ni aliyenilea. Yeye alitaka nisimsahau. Kutwa nzima nimejiuliza, kama ningekaa kwenye kiti hiki, yupi kati ya hao wawili ningeweza kumkatalia. Sikumpata. Ndiyo maana naitaka sheria ile. Si kwa sababu wanaotoa ni watu wabaya. Ingekuwa ni watu wabaya, ningewaweza."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mwanamke mzee alitikisa kichwa taratibu, akakaa. Picha ikaendelea na mambo ya taka na maegesho.

Simu ikatikisika mkononi. Marhoon. Aws keshamrudishia pesa, alisema, na yeye kaziacha benki hazigusi, ziozee huko. "Katutangaza mbele za Wazungu! Mabomba na nini!"

"Hakukutaja jina, Kaka. Na kasema mazuri."

Marhoon alikata. Alikata, lakini Bi Mahfoudha aliyemjua tangu utotoni alisikia, kabla simu haijakatika, pumzi ndogo ya mtu aliyeguswa na sifa asiyetaka kuguswa. Huenda atarudi. Huenda asirudi. Aws alikuwa anangoja kuitwa na ofisi ya chuo, na kura zilikuwa Jumanne, na hakuna hata moja katika hayo lililokuwa mikononi mwake tena. Akatembea kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi sebuleni. Mchele wa juzi ulikuwa bado kwenye maji, umeanza kunuka.

Simu ikatikisika tena. Ujumbe, maneno mawili tu.

"Umekula, Shangazi?"

Bi Mahfoudha alisimama. Kidole kiliandika chenyewe, kwa mazoea ya miaka: Nimekula. Akalitazama neno lile, lilivyokuwa na adabu, lilivyojificha vizuri. Akalifuta. Akavaa miwani yake sawasawa, akaandika herufi moja moja.

"Sijala tangu Alkhamisi."

Akautuma. Kisha akaumwaga ule mchele, akapima mwengine, akaiegemeza simu kwenye chupa ya siki ili aione, na akawasha jiko.